Samaki wa Dulcie Kwenye Ukurasa wa Mwisho

Kwa miaka miwili Dulcie Trenwith alitudanganya sisi watu wazima wa mji mdogo wa Polkerra, na chombo chake kilikuwa penseli. Naanza na hilo kwa sababu wengi wanaomsimulia huanza na mambo yake mazuri, wakifika kwenye uongo wamekwisha kumsamehe, na wewe msikilizaji wamekusamehesha pia. Mimi sijapata kuona uongo uliopungua uzito kwa kutajwa mwishoni.

Maktaba yetu ilikuwa chumba cha nyuma katika jumba la mikutano, lile la mawe linalotazamana na kanisa la Wamethodisti. Vitabu vyake yenyewe vilikuwa vichache. Kila baada ya miezi michache lori lilishusha sanduku la mbao kutoka Adelaide, mji mkuu wa jimbo letu, limejaa vitabu vya kuonja. Vya kubaki tulibaki navyo, vingine tukavirudisha. Lakini watu wa mashamba ya shayiri hawana nafasi ya kusoma sanduku zima, kwa hiyo tulikuwa na msomaji wa sanduku. Huyo alikuwa mtu mmoja, halipwi, anasoma kila kitabu tangu mwanzo hadi mwisho, na akiona kinafaa anakichorea alama yake chini ya mstari wa mwisho kabisa. Alama ya Dulcie ilikuwa samaki mdogo, mistari miwili iliyopinda ikakutana mkiani. Kitabu chenye samaki kilibaki. Mtu akiingia chumba kile hakuuliza kitabu kimeandikwa na nani. Alikigeuza nyuma akatafuta samaki.

"Hiki kinaye?"

"Kinaye."

"Basi nipe, nisichelewe kukama."

Wengine walipewa ardhi na baba zao, wengine sauti ya kuimba. Dulcie alipewa kusoma. Alipokuwa msichana mama yake alimwachia sufuria za njegere zikaungua, kwa sababu alikuwa amekaa juu ya pipa la maji na kitabu, akicheka peke yake kama mwehu. Alichapwa, na wiki iliyofuata akaziunguza tena. Alipoolewa na Lloyd Trenwith, fundi wa matangi ya maji ya mvua, alikwenda kwake na kasha moja la nguo na matatu ya vitabu. Walipompa kazi ya sanduku hakuna aliyepinga. Ilikuwa kama kumpa bata kazi ya kuogelea.

Kazi hiyo ndiyo iliyomwua, yaani iliua kile kilichokuwa ndani yake. Kamati ya maktaba haikutaka aseme kitabu ni kitamu. Ilitaka aseme kama kina matusi, kama kina mambo ya chumbani, kama kinamtaja Mungu vibaya. Mimi si mtetezi wa matusi vitabuni, na hata leo nikiyakuta nafunga kitabu. Lakini mtu akipewa kuku kila siku ili atafute mifupa tu, siku moja hataitaka nyama. Aliyekuwa akimkagua ni Verna Polglase, katibu wa kamati, mjane mwenye mgongo ulionyooka na mdomo usiosahau. Dulcie akipitisha kitabu, Verna alikipitia baada yake kwa kidole. Akikuta neno moja, alilisoma kwa sauti mbele ya watu.

"Ukurasa huu, Dulcie mama. Soma hapa. Au samaki wako hana macho?"

Ndipo Dulcie akaanza kusoma kwa hofu, kidole chake kikitangulia macho, akiruka mistari kama mtu anayevuka zizi lenye mavi. Akaendelea hivyo miaka mingi. Hatimaye siku moja alifungua kitabu akaona herufi zimesimama tu pale, hazisemi kitu. Alikifunga, akafungua kingine, ikawa vilevile. Aliogopa kuwaambia watu. Angewaambia nini? Kwamba bata hawezi tena kuogelea? Basi akasoma maneno ya kwenye jalada, akafungua ukurasa wa mwisho, akachora samaki. Hakuna aliyegundua, na uongo wa pili ulikuwa rahisi kuliko wa kwanza, kama ulivyo kwa kila mtu.

Sasa nimtaje Clarrie Nankivell, maana bila yeye hili lingekuwa jambo la wanawake wawili kurushiana maneno.

Clarrie alibeba magunia ya shayiri gatini hadi uti wa mgongo ulipokataa. Mkewe alifariki, binti yake akaolewa Port Pirie, naye akabaki na vitu viwili: boti ndogo ya kuvulia kaa, na vitabu vyenye alama ya samaki wa Dulcie. Hakusoma kitabu kisicho na samaki. "Dulcie hajanipoteza hata siku moja," alikuwa akisema. Katika miaka ile miwili alichukua vitabu vya Dulcie mfululizo, akaviona vikavu, vimevurugika, havishikiki. Hakumlaumu Dulcie. Alijilaumu mwenyewe. Alisema moyoni: kama Dulcie ameona uzuri hapa na mimi sioni, basi kichwa changu ndicho kinachokwenda. Mama yake alikwenda hivyohivyo, alianza kwa kusahau majina, akamalizia kwa kusahau nguo. Clarrie akaona mtu wa namna hiyo hafai kuwa peke yake majini. Akaiuza boti kwa mtu wa Wallaroo. Akamwambia binti yake atafute chumba katika nyumba ya kutunzia wazee. Hakumweleza mtu mwingine sababu.

Jumamosi moja tulikuwa kwenye mstari wa kuazima, Verna mezani, Dulcie akipanga rafu. Verna aliinua kitabu kipya, jalada la rangi ya udongo. Kiliitwa *Mtaa wa Chumvi*.

"Dulcie, hiki umekisoma?"

"Samaki si huyo hapo?"

"Namwona. Mnene, mzuri. Kinahusu nini?"

"Dada wawili waliogombana."

"Eeh, hiyo hata mimi nimeiona kwenye jalada. Wamegombania nini?"

"Verna, ukitaka kujua, kisome."

"Nilitaka, mama. Tatizo sikuona mlango wa kuingilia." Akakishika kitabu kwa ncha za vidole, kama mtu anayeonyesha panya aliyekufa, akajaribu kukifungua katikati. Hakikufunguka. Mashine ya kiwandani ilikuwa haikukata kingo. Karatasi zilikuwa zimekunjwa na kushonwa tu, kurasa zimeshikana mbili mbili na nne nne, tangu mwanzo hadi karibu na mwisho. Bila kisu hakuna binadamu ambaye angeweza kukisoma. "Sasa nifundishe. Uliingilia dirishani?"

Watu walicheka. Kuna kicheko kinachomsaidia mtu na kuna kinachomvua nguo, na hiki kilikuwa cha pili. Dulcie alishika rafu. Shingo yake ilikuwa nyekundu hadi masikioni.

Clarrie hakucheka. Alitoka kwenye mstari na fimbo yake.

"Na kile cha daktari wa meli?" aliuliza.

Dulcie alikipanga upya kitabu alichokwisha kukipanga.

"Na kile kinene, cha wale ndugu wa migodini? Nilikirudia mara mbili, Dulcie. Mara mbili! Umekisoma?"

"Hapana."

"Kile cha mjane?"

"Hapana, Clarrie. Vyote vya karibuni hapana."

Lililomtoka mzee halikuwa tusi. Ingekuwa afadhali liwe tusi.

"Nimeuza boti yangu," alisema. "Nilidhani nimekuwa mpumbavu kama mama. Nimeuza boti, mwanamke wewe. Na Jumapili ya mwisho wa mwezi binti yangu anakuja na gari kunichukua." Akatoka. Tulisikia fimbo yake kwenye ngazi za mawe, na hata Verna aliinamisha macho.

Lakini Verna hakuinamisha kwa muda mrefu. Alikisukuma kitabu mezani. "Chukua. Kisome hiki kimoja kwa uaminifu, uje Jumamosi utueleze. Baada ya hapo penseli utairudisha kwa kamati."

"Nitakisoma," Dulcie alisema, "na nikikuta humo upuuzi mmoja nitakuja kukusomea sikioni hadi uombe maji."

Hakwenda na toba nyumbani, msijidanganye. Alikwenda na chuki. Alimchukia Verna, alituchukia sisi tuliocheka, alikichukia kile kitabu kwa kuwa ndicho kilichomfichua. Alikitupa juu ya meza ya jikoni mbele ya Lloyd.

"Niletee kile kisu chako cha samaki."

"Unamchinja nani?"

"Lete kisu, Lloyd."

Akakata mkunjo wa kwanza kwa nguvu hadi karatasi ikachanika. Akasoma mstari wa kwanza akiwa amesimama. Ulisema: *Dada yangu alipougua nilifurahi asubuhi nzima, na mchana nikampelekea mchuzi ili nione kama ni kweli.*

Dulcie alivuta kiti.

Hadithi yenyewe ilikuwa ya mwanamke mmoja mkorofi, Enid, aliyeishi katika mji wa kuchimba chumvi, mkabala na dada yake. Walikuwa hawasemezani kwa ajili ya cherehani ya mama yao. Dada akaugua, na Enid akawa anavuka barabara kila siku na bakuli la mchuzi, anaketi kitandani kwa mgonjwa na kumtukana. Mgonjwa naye hupata nguvu za kujibu. Kila siku bakuli, kila siku matusi, na msomaji anaanza kuogopa siku ambayo matusi yatakosa wa kuyajibu. Hakukuwa na mtu mwema hata mmoja mle ndani. Hakukuwa na funzo lililobandikwa. Na matusi yalikuwepo, Verna angepata kazi ya kutosha, ila hakuna tusi lililokuwa pale bure.

Kilichomsaidia ni kisu. Siku hizi najua watu wanaotaka kusema kitabu kizuri kina nguvu za uchawi. Sikubali. Kitabu hicho kingekuwa kimekatwa kama vingine, kidole cha Dulcie kingetangulia macho, akakimaliza kabla birika halijachemka, na asingekuta kitu. Lakini kila baada ya kurasa chache alifika kwenye ukingo uliofungwa. Hakuweza kuruka mbele. Hakuweza kuchungulia mwisho wa sura ile. Ilimbidi aweke kisu, akate polepole asichane maneno, apulize vumbi la karatasi, ndipo aone Enid amejibiwa nini. Na wakati akikata alikuwa akijiuliza: atajibiwa nini? Alikuwa hajajiuliza swali hilo kuhusu kitabu chochote kwa miaka.

Jumanne adhuhuri Lloyd alirudi kutoka kwenye tangi la mtu akakuta jiko linatoa moshi. Pasti za chakula cha mchana, ile mikate ya kuoka yenye nyama ndani, zimekuwa makaa. Mkewe yuko kibarazani, miguu juu ya ndoo, vumbi jeupe la karatasi limemjaa mapajani, anacheka peke yake.

"Dulcie, chakula kimeungua."

"Ngoja. Anamwambia dada yake kwamba hata jeneza litamkataa."

"Nani?"

"Ngoja, nimesema!"

Lloyd alikula mkate na jibini, amesimama. Alikuwa mtu wa maneno machache, lakini majirani walimsikia mchana huo akipiga mluzi juu ya tangi.

Ijumaa Dulcie alifika kwenye mikunjo ya mwisho. Enid ameamka asubuhi, ameweka mchuzi motoni, ameangalia ng'ambo ya barabara, na mapazia ya dada yake hayajafunguliwa. Ukurasa ukaisha hapo. Mbele kulikuwa na ukingo uliofungwa. Dulcie alikwisha kuingiza ncha ya kisu.

Akaitoa.

Mimi ni mgumu kumsifu mtu aliyetenda kosa, lakini lazima nitaje kilichomgharimu. Mtu aliyekaa na kiu miaka, ukampa maji, akafikisha kikombe mdomoni akakiweka chini, huyo amefanya jambo. Ukurasa wa mwisho kabisa, wenye samaki, ulikuwa wazi, angeweza kuusoma kwa kugeuza tu mkono. Aliufunga pamoja na jalada kwa uzi wa kushonea magunia, asijaribiwe.

Jumamosi alikuja maktabani na kifutio. Hakusalimu mtu. Alianza rafu ya kwanza, akatoa kila kitabu cha miaka ile miwili alichokuwa hakukisoma, akafuta samaki mmoja mmoja mbele yetu. Hakuhitaji kuulizwa ni vitabu vipi. Vile alivyovisoma kweli alivikumbuka, vingine vilikuwa kama nyuso za watu wa treni.

Verna alimfuata nyuma akihesabu kwa midomo.

"Umechafua karatasi, unazifuta hazitakati."

"Naona."

"Na hiki cha wiki hii? Simama utueleze, watu wamekuja."

"Sijakimaliza."

"Wiki nzima!" Verna aligeukia watu. "Jamani, wiki nzima! Hata mtoto wa darasa la pili!"

"Sijakimaliza, na leo sikimalizi. Penseli yenu hii hapa." Akaiweka mezani.

"Unaona aibu?"

"Naona, Verna. Nawe ukiona kidogo haitakuua. Ulijua kile kitabu hakijakatwa tangu Jumatano ile sanduku lilipofunguliwa, ukangoja watu wajae."

Hilo lilikuwa kweli. Kumfichua mwongo ni haki. Kumwekea jukwaa ni jambo jingine, na sikuwahi kumwona Verna akilitofautisha. Kamati ilimwondoa Dulcie siku hiyohiyo, nami, niliyekuwa mjumbe, niliinua mkono pamoja na wengine. Ningeuinua tena.

Kilichofuata nimekisikia kwa Clarrie mwenyewe, na Dulcie hakukanusha hata neno.

Alimkuta mzee uani, ameketi kando ya gari la boti, lile la magurudumu mawili la kuivuta, tupu. Ndani, vyombo vyake vilikwisha kufungwa kwa magazeti.

"Rudi ulikotoka," Clarrie alisema.

"Nimekuletea kitabu."

"Kina samaki?" Aliuliza kwa dhihaka, meno yamekutana.

"Kinaye, na ni wa uongo. Nilimchora kabla sijasoma. Nimekuja na kifutio pia."

"Sasa umesoma?"

"Nimesoma, ila sijakimaliza."

"Na mimi nikuamini kwa lipi? Ulinitazama machoni, Dulcie, nikakuambia hiki kigumu, ukaniambia jaribu tena, Clarrie, kitafunguka. Ulisema hivyo. Hapo langoni."

"Nilisema."

"Basi usiniletee kitabu. Niletee boti."

Dulcie hakuwa na boti ya kuleta, na hakujitetea. Aliketi juu ya ndoo ya kaa iliyopinduliwa, akafungua kitabu, akaanza kusoma kwa sauti bila kuombwa. Clarrie alimgeuzia mgongo. Aliposikia Enid alifurahi asubuhi nzima dada yake alipougua, mgongo ule haukugeuka, ila fimbo iliacha kuchora mchangani.

"Nikisinzia usiniamshe," alisema. "Ujue umeshindwa, uende."

Hakusinzia. Kufikia siku ya pili alikuwa akimkatiza.

"Muongo huyo Enid! Anampenda."

"Hajasema."

"Hahitaji kusema, si anapeleka mchuzi? Endelea. Na usisome kama mchungaji, soma kama mtu."

Siku nyingine mzee alimsimamisha akaenda ndani, akarudi na kikombe kimoja cha chai. Kilikuwa chake mwenyewe. Dulcie alisoma akiwa na koo kavu.

Walipofika asubuhi ile ya mchuzi na mapazia, Dulcie alimpa kitabu mkononi, na kisu.

"Nini?"

"Mbele ya hapo sijasoma. Tazama mwenyewe."

Clarrie aliipitisha kucha yake nene ukingoni. Kurasa zilikuwa zimefungwa, hazijakatwa, na ule uzi wa gunia umefungwa juu ya ukurasa wa mwisho kwa fundo lililokwisha kushika vumbi. Aliligeuza fundo. Alikuwa mtu wa gatini, alijua fundo lililofunguliwa na kufungwa tena linavyokuwa.

"Tangu lini?"

"Ijumaa ile, kabla sijaja."

"Na hujui kama yule dada amekufa?"

"Sijui."

"Inakuuma?"

"Inanitafuna, Clarrie! Sijalala vizuri. Kata, basi."

Mzee aliyajaribu makali ya kisu kwa kidole gumba. Hakumwambia amemsamehe, na mimi sikumbuki kumsikia akisema hivyo hadi alipozikwa. Alisema, "Ungetumia kisu kikali kuliko hiki, umekichana kitabu cha watu vibaya." Akakinoa kwenye jiwe la ngazi, taratibu, huku mwanamke akipapatika juu ya ndoo. Halafu akakata mkunjo wa kwanza, akapuliza vumbi, akasoma yeye mwenyewe kwa sauti, kidole chini ya maneno. Kila mkunjo alikata mwenyewe. Walipomaliza, jua lilikuwa limevuka paa, na wote wawili walikuwa wakitazama mchanga.

"Sikufikiria Enid atafanya vile," Dulcie alisema.

"Mimi nilijua tangu lile bakuli lililovunjika."

"Hukujua."

"Nilijua. Kichwa changu ni kizima." Aliyasema hayo kwa ukali, kisha akayasikia aliyoyasema. Akachukua kifutio, akamfuta samaki pale chini ya mstari wa mwisho hadi karatasi ikaota manyoya.

"Nimchore wa kweli?" Dulcie aliuliza.

"Thubutu." Akatoa penseli ya seremala mfukoni, akachora boti. Ilikuwa boti mbaya, inafanana zaidi na kiatu.

Binti yake alipokuja na gari kutoka Port Pirie, alikuta vyombo vimetolewa magazetini na kurudishwa kabatini. Boti haikurudi. Mtu wa Wallaroo alikataa kuiuza, na gari lile la magurudumu mawili liliota majani uani kwa muda wote tuliomjua. Dulcie alilipita kila alipokwenda kusoma pale, na sijamsikia hata mara moja akimwomba mzee aliondoe.